Kamera ya Pili, Mikono ya Colin

Earl's Court, London
4 Mei 1965

Kaka Stan,

Najua ukiliona jina langu nyuma ya bahasha utataka kuitia motoni. Soma kwanza, moto haukimbii.

Mimi ni Colin Duxbury, yule kijana wa maziwa wa hapo Burnley. Mwezi wa tatu meneja Fairclough alinichukua nikalie kiti chako cha ngoma katika bendi ya Larkhills. Sikukipigania kiti hicho. Nilikuwa naweka chupa mlangoni kwake, akaniuliza kama bado napiga ngoma kanisani, basi. Sikujua kama wewe umeshaambiwa au bado. Nimetaka kukuandikia siku nyingi nikaogopa.

Sasa nimebanwa. Wimbo wenu, "Lango la Nyuma", umefika nafasi ya kumi na tisa, na tumeitwa kwenye kipindi cha Muziki wa Alhamisi, tarehe ishirini. Unajua chama cha wanamuziki hakitaki mtu asimame mbele ya kamera akipapasa ngoma huku santuri ya dukani inapigwa. Kwa hiyo Jumanne ya tarehe kumi na nane tunaingia studio kuurekodi upya kwa saa tatu, na afisa wa chama kakaa pembeni na saa yake. Mkanda huo mpya ndio utakaopigwa Alhamisi, nasi tutajifanya tunapiga. Kujifanya ni kulekule, ila tutakuwa tunajifanya kwa jasho letu wenyewe.

Tatizo ni kile kipande baada ya ubeti wa pili. Wote wananyamaza, ngoma inabaki peke yake: ta-ka-dum, ta-ka-dum, halafu ile TOK. Hiyo TOK siipati. Nimepiga ukingo wa ngoma, nimepiga mbao, nimepiga hata kiti. Wenzetu hawajui ulifanyaje, wanasema siku ya kurekodi ulifungiwa nyuma ya mapazia mazito ya kuzuia sauti, hawakukuona. Na mwongozaji, Bwana Peverell, ameshaandika kwenye karatasi zake: hapo hapo kamera ya pili, mikono ya mpiga ngoma, karibu kabisa, ijae kwenye televisheni za watu.

Tafadhali niambie tu, unaanza na mkono gani?

Mdogo wako kwa heshima,
Colin Duxbury


Burnley
6 Mei 1965

Bwana Nywele,

Barua yako nimeisoma. Nimemsomea na mama, akacheka mpaka akakohoa.

Mkono gani? Jaribu huo uliouandikia barua. Ukishindwa, jaribu wa jirani.

Wewe hukukipigania kiti, sawa. Hata kunguru hapigani, anangoja tu mtu aweke sahani chini. Ngoja nikueleze kiti hicho kilivyoachwa, maana naona Fairclough amekuficha. Mwezi wa pili walitupeleka kupimwa kwa kamera. Wakaipandisha ile kubwa juu kwenye mkono wake wa chuma, ikatuangalia kutokea darini. Kwenye kioo wakaona vijana watatu na yai. Nina miaka ishirini na mitatu, Colin, na kichwa cha marehemu baba yangu. Dada wa poda akanipaka poda utosini mara tatu. Taa zikaiyeyusha, yai likang'aa tena. Bwana Peverell wako akaniuliza kama naweza kuvaa kofia. Nikasema naweza, hata sufuria nitavaa. Fairclough akasema wapiga ngoma wa kofia ni wa bendi za harusi. Wiki mbili baadaye nikapata barua yake ya kunifukuza, mistari minne, na jina langu kalikosea.

Sasa nimerudi kiwandani kutengeneza mitambo ya kufuma, na kila asubuhi msichana wa kantini ananiimbia wimbo wangu mwenyewe akiniuliza kama namjua "yule mzuri wa ngoma". Ndiyo, nakuonea wivu. Nakuonea wivu nikiamka, nikila na nikilala, na sioni haya kukwambia. Mwenye nywele ni wewe, basi ichane hiyo TOK kwa kitana.

S. Ormerod


Earl's Court
8 Mei 1965

Kaka Stan,

Nimestahili. Lakini sina mwingine wa kumwuliza, kwa hiyo narudi tena mlangoni na chupa zangu.

Jana tulipelekwa studio kuoneshwa tutakaposimama. Nilidhani ni ukumbi mkubwa, kumbe ghala tu! Sakafuni wamechora misalaba ya chaki, kila mtu na msalaba wake, ukiutoka kamera inakukosa. Magitaa hayaunganishwi popote, nyaya zimechomekwa chini ya zulia. Matoazi yangu yamewekewa mpira juu yasilie. Mashati meupe marufuku, eti yanawaka kwenye kamera, tumepewa ya buluu ambayo nyumbani yataonekana meupe. Watazamaji ni vijana sitini tu, yuko bwana wa kuwahamisha mbiombio kutoka jukwaa hili kwenda lile ili waonekane mia tatu. Na kupiga kelele wanangoja kibao kilichoandikwa "Kelele" kiinuliwe!

Juu, nyuma ya kioo, kakaa dada mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu. Wimbo ukianza anahesabu kwa sauti mpaka mwisho, na kila kamera ina namba zake. Akifika arobaini na moja, kamera ya pili inanirukia mikononi. Hakuna kumsihi, namba ni namba.

Nikamwambia Fairclough siwezi kile kipande. Akacheka. Akasema bendi nyingine zote hufanya hivi: tunarekodi Jumanne mbele ya Bwana Tunnicliffe wa chama, tukimaliza mtu anampeleka kunywa bia, na huku nyuma mkanda unabadilishwa. Unawekwa ule wa santuri. Yaani Alhamisi watakaosikika ni nyinyi wa mwezi wa pili, na mikono itakayoonekana ni yangu.

Najua mwingine angefurahi. Mimi sifurahi. Sikuacha kazi ya maziwa nije kupunga mikono juu ya ngoma ya mtu. Tena Tunnicliffe mwenyewe alikuwa mpiga ngoma wa kumbi za dansi miaka thelathini. Jumanne ataniona nikishindwa, Alhamisi atakaa kwake asikie nimeweza, halafu iweje? Bendi itafungiwa, na atakayetupwa nje ni mimi.

Nisaidie niipige kweli, kaka. Niko tayari kulipa kwa heshima, sina kingine.

Colin


Burnley
10 Mei 1965

Dada Winnie,

Acha mashuka ya gesti yako, kaa chini. Nina habari itakayokuchekesha mpaka Morecambe nzima ikusikie.

Kaka yako atasikika kwenye televisheni! Si kuonekana, nimesema kusikika. Yule mtoto wa maziwa aliyechukua nafasi yangu hawezi kile kipande changu, kwa hiyo Fairclough atabadilisha mkanda, na Alhamisi ya tarehe ishirini nchi nzima itasikia mikono yangu. Nimemwambia mama. Mama kamwambia Bi Hargreaves, na Bi Hargreaves ndiye mwenye televisheni kubwa, kwa hiyo mtaa wote umeshaambiwa. Mama anaoka keki ya tangawizi.

Anajipendekeza kwangu kwa barua kutoka Earl's Court, jumba zima linanuka kabichi mpaka karatasi zake: "Kaka Stan, nisaidie." Hajui kwamba siri yenyewe iko kwenye droo yangu ya soksi. Nikuambie wewe tu. Siku ya kurekodi fimbo yangu ya kushoto ilivunjika katikati ya wimbo, nami niko nyuma ya mapazia, hakuna anayeniona. Mfukoni mwa koti nilikuwa na kipande cha fimbo ya mtambo, ile inayokipiga chombo cha uzi kiruke upande wa pili. Ilikuwa imekatika wiki yangu ya mwisho kiwandani, kabla sijaacha kazi, nikaihifadhi tu. Mti wake mgumu, umekunywa mafuta ya mtambo miaka ishirini. Nikaishika mkono wa kushoto nikamalizia nayo. TOK! Fundi wa sauti akanyanyua kidole gumba, nami nikafyata mdomo. Dunia nzima hakuna fimbo ya dukani itakayotoa sauti ile.

Sasa ona hesabu yake. Nikimwambia ukweli, ataipiga mwenyewe Jumanne, mkanda utakuwa wake, na Alhamisi mimi sitakuwepo kabisa, si sura wala sauti. Nikimdanganya, nitasikika. Kwa hiyo ninamwandikia leo barua tamu kama asali. Sura wamenipokonya, Winnie. Sauti hawaipati.

Nduguyo,
Stan


Burnley
10 Mei 1965

Mpendwa Colin,

Nisamehe kwa barua ya kwanza, nilikuwa na hasira za njaa. Umeandika kiungwana na mimi nitakujibu kiungwana.

Siri ni taulo. Chukua taulo la vyombo, lilowanishe, likamue, likunje mara nne, uliweke juu ya ngoma ndogo upande wa kushoto. Legeza ngozi mpaka ikunjamane kidogo. Anza na mkono wa kushoto, na ile TOK ipige katikati ya taulo kwa nguvu zako zote. Siku ya kwanza haitatoka, wala ya pili. Usikate tamaa. Rudia mpaka mkono ufe ganzi, ndiyo njia.

Rafiki yako,
Stan


Morecambe
12 Mei 1965

Stan,

Sijacheka. Nimesoma barua yako mara mbili jikoni kwangu, mayai ya wageni yakaungua.

Kwanza, mimi ndiye niliyekufungia kamba za viatu mpaka una miaka tisa, kwa hiyo nitasema ninachotaka. Pili, wewe umeonewa, tena vibaya, na huyo Fairclough nikimkuta kwenye mtaa wa pwani nitamsukumia baharini na suti yake. Lakini huyo mtoto kakufanya nini? Kichwa chako kakinyoa yeye? Ameomba nafasi yako au ameokotwa kwenye ngazi na chupa zake? Umemkosa mbaya wako, umempiga aliye karibu.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Na wewe umeshakonda, mama ameniandikia hali nyama.

Tena utasikika wapi? Watu watakuwa wanamwangalia yeye. Watasema, "Colin hodari!" Utakaa kwa Bi Hargreaves ukiipigia makofi mikono yako iliyovaa ngozi ya mtu mwingine, na mama akimwambia kila mtu ni wewe, nao wakimwitikia ili wapate keki. Hiyo ndiyo heshima unayoitaka?

Mwandikie ukweli. Usipomwandikia, nitamwandikia mimi, anwani si umeiandika wewe mwenyewe, "Earl's Court, jumba zima linanuka kabichi"? Nitauliza kabichi iko wapi.

Dada yako,
Winnie


Earl's Court
14 Mei 1965

Kaka Stan,

Asante sana kwa barua yako. Nimeibeba mfukoni siku tatu.

Nimefanya yote. Taulo, maji, ngozi kuilegeza, mkono wa kushoto. Mkono umevimba. Sauti inayotoka ni kama mtu anayepiga godoro, wenzangu wamecheka mpaka mmoja kakaa chini. Lakini najua kosa ni langu. Wewe umesema haitatoka siku ya kwanza wala ya pili, na mimi niko siku ya tatu tu.

Jana Fairclough alikuja mazoezini akasikia. Akasema, "Achana nacho. Stan mwenyewe hakijui, kilikuwa kosa la mkanda. Stan alikuwa anabahatisha siku zote." Nikamjibu mbele ya wote kwamba Stan Ormerod habahatishi, kwamba amenipa siri yake bure ilhali mimi ndiye niliyemkalia kiti, na kwamba kama haitoki basi mbovu ni mimi. Akanitazama. Akasema, "Kama mbovu ni wewe, vizuri kujua." Leo nimesikia kuna kijana wa Croydon anakuja kujaribiwa Ijumaa ijayo. Nywele zake zinafika mabegani.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Umeandika unanionea wivu. Mimi nakuonea wivu tangu siku ya kwanza. Kila wimbo tunaofanya mazoezi, mtu anasema, "Stan alikuwa anaingia mapema kidogo hapa," au "Stan angeliacha pigo hilo." Santuri ikipigwa dukani, watu wanagonga meza kwa vidole vyao wakifuata mapigo yako, na mimi nimesimama nao, picha yangu iko kwenye jalada, nagonga nao. Nimeshaletewa nitie sahihi santuri ambazo sikupiga hata pigo moja. Natia sahihi. Halafu usiku nachukia.

Kazi yangu ya maziwa kapewa mpwa wa mwenye gari, kwa hiyo nyuma hakurudiki. Nitaendelea na taulo.

Colin


Burnley
15 Mei 1965

Colin,

Tupa taulo.

Nimekudanganya. Hakuna taulo, hakukuwa na taulo, ngozi ikaze kama ilivyokuwa. Nilikaa mezani kwa mama nikaitunga barua ile neno kwa neno, nikafurahi nayo. Mkono wako umevimba kwa sababu yangu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha mti kimefungwa kwenye soksi. Ndicho. Ni fimbo ya mtambo wa kufuma, usiioshe, usiipake rangi, mafuta yake ndiyo sauti yake. Shika mkono wa kushoto, chini kabisa, kama unavyoshika nyundo. Anza na mkono wa KULIA. Ta-ka-dum, ta-ka-dum, na ile ya mwisho ipige pale ukingo na ngozi vinapokutana, usiisukume, iangushe tu. Ni nzito, itajipiga yenyewe.

Usidhani nimegeuka malaika. Niliisoma barua yako nikasikia maneno matatu: kosa la mkanda. Fairclough kasema mimi nabahatisha? Basi nataka umpigie mbele ya pua yake, ajue inapigika, na kwamba aliyeibuni alikuwa na akili. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni dada yangu Winnie, humjui, mshukuru Mungu. Ya tatu ni kwamba ulinitetea huku nakupigisha godoro, na mimi sijazoea kutetewa.

Lakini elewa unachochukua. Ungeshindwa Jumanne, Alhamisi ningesikika mimi. Ukiweza, Tunnicliffe atauchukua mkanda wako, na mimi sitakuwa na kitu hata kimoja ndani ya kipindi kile. Mtaa mzima umealikwa kunisikiliza. Mama yangu ameazima viti. Nakuachia yote, Colin, na bado nakuonea wivu, tena zaidi ya jana.

Usiposikika vizuri nitakuja London kwa miguu nikuvunje.

Stan


Earl's Court
19 Mei 1965

Kaka Stan,

TOK!

Imetoka, kaka! Jumatatu nilifungua soksi, nikaushika ule mti, nikapiga mara moja tu, na wenzangu watatu wakaacha wanachofanya wakageuka. Nilikaa chini nikalia. Kuhusu taulo, sina kinyongo. Ningekuwa wewe ningekwambia uloweke na viatu.

Jana tukaingia studio. Tunnicliffe kakaa na saa yake na sandwichi zake, uso umekunjamana. Tulipofika kile kipande nikaanza na wa kulia kama ulivyosema. Nikaiangusha. Mzee akaacha kutafuna. Tukapiga mara mbili tu, zimebaki saa mbili nzima, akasema inatosha, akautia mkanda kwenye kasha lake akafunga kwa mkono wake. Fairclough akamwalika bia. Akakataa! Akasema, "Kasha hili nalala nalo." Nilitamani ungeiona sura ya Fairclough. Kwa hiyo kesho ni sisi kweli, hakuna ujanja.

Bwana Peverell naye alikuwepo. Akaitaka fimbo aione, akaigeuza kwenye taa, akafurahi kama mtoto. Ameandika upya karatasi zake. Kamera ya pili sasa itakaa mikononi hesabu nane badala ya mbili. Na yule wa Croydon amepigiwa simu asije.

Sasa kuna jambo. Nimeliacha mwisho kwa sababu naogopa kuliandika. Tunnicliffe alinishika bega akaniuliza, "Kijana, hii umeipata wapi? Miaka thelathini sijaona." Wote walikuwa wananiangalia, Fairclough, Peverell, wenzangu. Nilifungua mdomo niseme jina lako. Nikasema, "Nimeibuni mwenyewe, kwetu Burnley kuna viwanda."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Mara moja tu nilitaka wasiseme Stan. Peverell ameshamwambia mtangazaji aseme hewani, "Colin Duxbury na fimbo yake ya kiwandani." Nimejaribu kumwendea asubuhi hii nikarudi mlangoni mara mbili. Barua hii itakufikia kesho kabla ya kipindi. Ukitaka kupiga simu studio uwaambie, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Sitakana.

Colin


Burnley
21 Mei 1965

Colin,

Barua yako ilifika jana na posta ya asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni. Halafu nikaenda mpaka kibanda cha simu cha kona na sarafu mkononi, nikasimama humo mpaka bibi mmoja akagonga kioo akiniuliza kama nimefia ndani. Nikatoka. Sikupiga. Nilijiambia nitakuja kukupiga wewe, si simu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni tulikuwa kwa Bi Hargreaves, watu kumi na tisa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Mama mbele kabisa kwenye kiti cha kuazima, kavaa kofia ya kanisani. Hakuna niliyekuwa nimemwambia kitu. Nilipanga kumwambia Jumamosi, nikapanga Jumapili, nikapanga jana wakati wa chai. Kila nikifungua mdomo ananiambia nimwonjee keki.

Mkaonekana. Mashati yalikuwa meupe kweli. Mtangazaji akasema yake, "na fimbo yake ya kiwandani," na mtaa mzima ukanigeukia, maana humu kila mtu anaijua fimbo ya mtambo akiiona. Bi Hargreaves akasema, "Stan! Kakuibia!" Nikasema nyamazeni tusikilize. Ubeti wa pili ukaisha. Kamera ikashuka mikononi mwako.

Nitasema kweli kwa sababu nimeshachoka na uongo. Mimi siku ile nilibahatisha. Fairclough alisema kweli. Fimbo ilivunjika nikashika nilichokishika, na ilipolia nilishtuka kama wengine, na sijawahi kuipiga tena vile, hata nyumbani. Nimejaribu chumbani mara mia. Wewe ulijua unakwenda wapi. Uliichelewesha kidogo, kidogo tu, mpaka nikashika mkono wa kiti, halafu ukaiachia. Nilisikia wivu mkali kuliko siku ile ya barua ya mistari minne. Ile waliniibia kazi. Hii hukuiba, ulinipita tu.

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa analia. Akawaambia wote, "Huyo mtoto anapunga mikono tu, huo ni mkanda wa Stan wangu. Mkono wa mwanangu naujua hata nikiwa usingizini." Wakageuka wote kunipa mkono. Bi Hargreaves akanibusu utosini, pale pale penye yai.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, Colin. Ilikuwa nafasi ndefu, kila mtu ananingoja. Ningeweza kusema kwamba mkanda ule ni wako, ulirekodi Jumanne, na mimi simo. Nilifungua mdomo kama ulivyoufungua wewe.

Mama akanivuta akanikalisha karibu naye, akanishika mikono yote miwili, akaitazama. Akasema, "Stan mwanangu, tangu uanze hujawahi kupiga vizuri namna hii."

Nikamwambia, "Asante, mama."

Stan